Jina la Tovuti Yako Limeandikishwa kwa Nani?

Watu wa Kalamba, huku Makueni, wanaotaka kufungua tovuti huanza na swali moja: kampuni gani ni rahisi? Ni swali halali, maana pesa haziokotwi, lakini si la kwanza. Wala si la pili. La kwanza ni hili: jina likishanunuliwa, litaandikishwa kwa nani? Wengi hawalijui jibu lake hadi siku fundi aliyewatengenezea tovuti anapobadilisha namba ya simu.

Kuna vitu viwili hapa, na kwa kuwa huuzwa pamoja mnunuzi huwa anadhani ni kimoja. Cha kwanza ni domeni, yaani jina lenyewe, liwe linaishia .co.ke au .com, ambalo unalilipia kila mwaka kwa msajili, yaani kampuni inayoliandikisha. Cha pili ni hostingi, yaani nafasi kwenye seva ya mtu, ambako kurasa zako, picha na pengine baruapepe hukaa. Unaweza kuvichukua kwa kampuni moja au mbili tofauti. Ukifukuzwa kwenye hostingi na una nakala ya vitu vyako, unahamia kwingine, mara nyingi ndani ya siku moja. Ukipoteza jina, basi kibandiko kwenye katoni, bango la barabarani, kadi na kila baruapepe uliyowahi kutuma vitakuwa vinampelekea mtu mwingine wateja wako. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye jina.

Lakini je, unahitaji tovuti kweli? Muuza maembe wa sokoni mwenye wateja anaowajua kwa sura hahitaji. WhatsApp inamtosha, na anayemwambia vinginevyo anamtafutia hasara. Mambo hubadilika mnunuzi anapokuwa mbali. Tangu kaunti ya Makueni iweke kiwanda cha kusindika matunda hapa Kalamba, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, eneo hili limezoea mazungumzo ya tani na mikataba, si ya ndoo na debe tu. Maembe ya Kenya yaliyositishwa kwenda soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda yaliruhusiwa tena 2021, na mnunuzi wa nje huanza kwa kuhakikisha kwamba kikundi anachoandikiana nacho kipo. Ni vivyo hivyo kwa wafugaji wa nyuki wa Kitui, wasukaji wa vyondo, wauza miche na shule inayotafuta wanafunzi wa bweni.

Utasikia watu wakisema ukurasa wa Facebook unatosha kwa hayo yote. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa kama saa sita, na aliyekuwa na hizo tu hakuwa na mahali pa kumwelekeza mteja. Google nayo iliwahi kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zenye jina la kuishia business.site, Machi 2024 ikazifunga. Walioandika anwani hizo kwenye mabango ilibidi wapake rangi upya. Jina lako mwenyewe, hata kama leo linampeleka mteja kwenye ukurasa wa Facebook tu, unaweza kesho kulielekeza kwingine bila kugusa bango.

Sasa tuje kwenye uandikishaji. Hakuna mwenye duka Kalamba atakayekubali Till yake ya M-Pesa iandikishwe kwa kitambulisho cha kijana aliyemchorea kibao cha duka. Mtu huyohuyo humpa fundi wa tovuti shilingi elfu kadhaa, akamwambia "nifanyie kila kitu", naye fundi anafungua akaunti kwa jina lake, baruapepe yake na namba yake ya simu. Mara nyingi hana nia mbaya. Ana akaunti moja yenye majina ya wateja thelathini, na kwake ni rahisi kuyalipia pamoja. Kisheria na kimtandao, hata hivyo, mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye rejista. Fundi akihamia Nairobi, akifariki au mkikosana juu ya deni, unabaki unambembeleza mtu akupe kitu ulicholipia.

Kwa hiyo fungua akaunti ya msajili mwenyewe, kwa baruapepe ambayo haitegemei domeni hiyo hiyo. Hili la mwisho husahaulika. Ukitumia info@ ya jina lako kama anwani ya akaunti, siku jina litakapoisha muda baruapepe hiyo itakufa nalo, na ujumbe wa kukuokoa utatumwa mahali pasipofika. Ukiwa kikundi, ushirika, kanisa au shule, mwenye jina awe taasisi, si mwenyekiti. Shule ndizo huumia zaidi. Mwalimu mkuu anahamishwa na tume ya walimu, TSC, mwezi wa kwanza, anaondoka na nywila kichwani, na mwenzake anayekuja anakuta tovuti yenye picha za miaka mitano iliyopita ambayo hakuna awezaye kuigusa. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano akaunti iko kwa msajili gani, baruapepe gani, na laini gani ya simu inapokea namba za siri. Laini hiyo nayo isiwe ya mtu binafsi.

Kama tayari una tovuti, kagua leo. Kwa majina ya .ke, nenda kwenye tovuti ya KeNIC, kituo kinachosimamia rejista ya majina yote ya Kenya tangu 2002, utumie huduma yao ya whois, inayoonyesha kumbukumbu za jina. Kwa .com tumia ile ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani. Andika jina lako usome mistari inayotokea. Kuna tarehe jina liliposajiliwa, na tarehe litakapoisha: hii ya pili iandike kwenye kalenda ya ukutani, usiiache kwenye simu tu. Kuna jina la msajili, ambalo huenda likakushangaza kwa sababu si la kampuni unayoilipa. Maana yake aliyekuuzia ni wakala tu. Kuna majina ya seva, yanayoonyesha tovuti inakaa kwa nani. Kuna hali ya jina. Ukiona clientTransferProhibited usiogope, hilo ni kufuli la kuzuia mtu asilihamishe kwa hila, na ni vizuri liwepo. Jina la mwenyewe siku hizi mara nyingi hufichwa kwa sababu za faragha. Likiwa limefichwa, mwombe msajili akutumie kwa maandishi jina na baruapepe iliyomo kwenye rejista. Msajili anayelikwepa ombi hilo amekupa jibu.

Kuhusu mwisho wa jina, wengi huchagua kwa mazoea. Kwa biashara, .co.ke ndilo wateja wa Kenya wanalolitambua. Vikundi visivyo vya faida vina .or.ke, shule za msingi na sekondari .sc.ke, vyuo .ac.ke, na serikali .go.ke. Haya matatu ya mwisho hayatolewi kwa yeyote tu, lazima uonyeshe barua za taasisi, na ndiyo thamani yake. Tangu 2017 unaweza pia kuchukua jina fupi linaloishia .ke peke yake. Ukiwa na wanunuzi wa ng'ambo, ongeza .com ya jina hilo hilo ikiwa haijachukuliwa. Usijinunulie kumi. Mawili yanatosha, na kila la ziada ni tarehe nyingine ya kukumbuka.

Majina ya bure kaa nayo mbali. Kampuni ya Freenom iligawa kwa miaka mingi majina ya bure yanayoishia .tk, .ml, .ga na mengineyo, na vijana wengi wa Afrika walianzia hapo. Matapeli nao wakayapenda. Meta, yenye Facebook, ikaishtaki kampuni hiyo, na mwaka 2023 Freenom ikaacha kupokea usajili mpya. Mali na Gabon zikachukua tena majina yao, ICANN ikaifutia Freenom idhini Novemba mwaka huo, na mapema 2024 kampuni hiyo ikatangaza kuachana kabisa na biashara ya domeni. Aliyekuwa amejenga jina lake juu ya bure hiyo hakuwa na wa kumdai.

Msajili wa .ke mchague kutoka orodha ya walioidhinishwa na KeNIC, ambayo iko wazi kwenye tovuti yao. Kuna wengi, kuanzia kampuni kubwa za simu hadi ofisi ndogo za watu watatu, na ukubwa si kipimo. Mimi ninawapima kwa swali moja, nalo linafaa kuulizwa kabla ya kulipa, Jumamosi jioni, kwa simu au kwenye dirisha la mazungumzo la tovuti yao: "Dada, habari za jioni. Nikitaka kulihamishia jina langu kwa msajili mwingine, mnanipa msimbo wa kuhamishia baada ya siku ngapi, na mnatoza?" Kwa majina kama .com, kanuni za ICANN zinamtaka msajili atoe msimbo huo ndani ya siku 5. Muuzaji mzuri atakujibu bila kuzunguka, pengine akuonyeshe pa kubofya ili ujichukulie mwenyewe. Anayesema "kwa nini uhame kabla hujaanza?" anacheka, lakini hajajibu. Na kama Jumamosi jioni hakuna anayepokea, basi umejua hali itakavyokuwa siku tovuti itakapozimika Jumamosi jioni. Jua pia kwamba jina la .com lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida hufungwa siku 60 kabla ya kuhamishwa tena. Hiyo ni kanuni, si uchoyo.

Kupoteza jina kwa kusahau kulipia hakuwapati wadogo tu. Desemba 1999 Microsoft yenyewe ilisahau kulipia passport.com, watumiaji wa Hotmail wakashindwa kuingia, na mtaalamu mmoja wa kompyuta, Michael Chaney, akalipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe kuwaokoa. Wewe huenda usimpate Chaney. Jina la .com likiisha muda, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45, halafu linaingia siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, na baada ya hapo ni la atakayewahi. Wasajili wengi hulipeleka mnadani hata kabla ya hapo. Kabla halijaisha wanapaswa kukutumia vikumbusho viwili, kama mwezi mmoja na kama juma moja kabla, na kingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Vyote huenda kwenye baruapepe iliyoandikwa kwenye rejista. Kama ni ya fundi, vinamfikia fundi. Majina ya .ke yanafuata ratiba ya KeNIC, si ya ICANN, kwa hiyo mwombe msajili akuandikie una siku ngapi za neema na ada ya kukomboa ni kiasi gani. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo msimu wa maembe unapokuwa mzuri. Julai pesa huwa na kazi nyingine.

Na ukipata baruapepe kutoka kampuni usiyoijua ikidai jina lako linakaribia kuisha na ulipe haraka, au ikisema kuna kampuni China inataka kusajili jina lako na wewe upewe nafasi ya kwanza, itupe. Huo ni utapeli wa siku nyingi. Malipo yako ni kwa msajili wako tu.

Fundi akikataa kukurudishia jina, anza kwa maandishi, kisha mpelekee malalamiko msajili, kisha KeNIC, ambayo ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 28, inamtambua kama mhalifu anayechukua au kutumia kwa makusudi jina la biashara ya mwingine mtandaoni bila idhini, adhabu ikiwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Ni rungu la kuonyesha tu. Kesi itakula muda na nauli kuliko jina jipya.

Hostingi ina maneno mengi kuliko jina, na matangazo yake ndiyo yenye chumvi. "Nafasi isiyo na kikomo" haipo. Soma masharti utakuta kikomo cha idadi ya mafaili, cha nguvu ya kompyuta, au cha baruapepe unazoweza kutuma kwa saa. Tovuti ya kikundi yenye kurasa kumi na picha za maembe haihitaji gigabaiti mia. Mbili au tatu ni nyingi. Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 maana yake ni kwamba wanaruhusiwa kuzimika karibu saa tisa kwa mwaka bila kuvunja ahadi, na wakiivunja, fidia kwa kawaida ni punguzo kwenye ankara ijayo. Usimchague mtu kwa asilimia. Mchague kwa jinsi anavyotangaza matatizo: wenye ukurasa wa wazi unaoonyesha lini walizimika na kwa nini ni wa kuaminika kuliko wanaodai hawajawahi.

Bei iangalie ya mwaka wa pili. Ya kwanza ni chambo. Uliza kama VAT ya asilimia 16 imo, na kama ankara ni ya shilingi au dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Aliyelipia hostingi ya kigeni Januari na jirani yake aliyelipia Septemba walilipa bei tofauti kwa kitu kilekile. Kampuni inayopokea M-Pesa na kutoa risiti ya kueleweka inafaa zaidi kwa kikundi chenye mweka hazina anayekaguliwa.

Seva iwe wapi? Kampuni nyingi za Kenya zinauza nafasi kwenye seva zilizoko Ulaya au Marekani, na si dhambi, ila uliza. Mteja wako akiwa Wote, Emali au Nairobi, seva iliyoko nchini humjibu kwa haraka zaidi, kwa kuwa data hupitia kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP, kilichoko Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, badala ya kuvuka bahari na kurudi. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ililemaa kwa siku kadhaa, na vilivyo ng'ambo ndivyo vilivyosumbua zaidi. Wanunuzi wako wakiwa Dubai au London, seva ya Ulaya ni sawa. Hata hivyo, kwa simu ya bando ndogo inayohangaika na mtandao huku milimani Nzaui, uzito wa picha zako ni muhimu kuliko bara ilipo seva. Picha ya embe ya megabaiti tano ni kosa la fundi, si la hostingi. Ipunguze hadi kilobaiti mia mbili kwanza, kisha ulalamike.

Nakala za akiba ndizo zinazotofautisha kampuni. Usiku wa Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya hostingi ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wateja waliodhani wana nakala wakagundua kwamba nakala zao zilikuwa kwenye eneo lilelile. Baadhi walikwenda mahakamani. Uliza kampuni yako nakala hukaa wapi, hutunzwa siku ngapi, na kuzirudisha ni bure au kwa ada. Kisha usiwategemee. Mara moja kwa mwezi pakua nakala nzima kupitia paneli ya hostingi, iweke kwenye flashi na kwenye hifadhi ya Google, na angalau mara moja ijaribu kama inafunguka. Watu wengi wana nakala ambazo hazijawahi kufunguliwa.

Usalama nao una kipimo chake rahisi. Cheti kinacholeta https kwenye anwani kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na kampuni inayokutoza maelfu kwa cheti cha kawaida inakuuzia hewa. Uliza pia kama akaunti ya kila mteja imetengwa na ya mwenzake. Kwenye hostingi ya pamoja mnakaa wengi kwenye seva moja, na mmoja akiacha mlango wazi bila kizuizi kati yenu, wote mnaingiliwa. Januari 2012 mtu mmoja wa Indonesia aliharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Kama serikali ilipatikana, kikundi cha wakulima hakina sababu ya kuacha WordPress, programu inayoendesha tovuti yake, bila kuisasisha mwaka mzima.

Ukikusanya majina, namba za simu na za vitambulisho vya wakulima kupitia fomu ya tovuti, unawajibika chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ikivuja na kuwahatarisha wenyewe, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na kampuni ya hostingi inapaswa kukujulisha wewe bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Muulize muuzaji kama mkataba wake unasema hivyo. Njia bora zaidi ni kutoweka namba za vitambulisho kwenye tovuti kabisa. Sijaona kikundi kilichozihitaji hapo.

Baruapepe mimi hupendelea itenganishwe na hostingi ya bei ndogo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na ujumbe usio na rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba mtumaji ni wa kweli, huishia kwenye taka za mpokeaji au haufiki kabisa. Nukuu ya bei ya tani ishirini za maembe ikiishia huko, mnunuzi hatajua ulimjibu. Kampuni yoyote ya hostingi inayofaa itakuwekea rekodi hizo ukiomba. Jaribu kabla hujatangaza anwani: tuma ujumbe kwa Gmail na kwa Yahoo uone umeangukia wapi.

Msimu wa maembe unaanza kuchangamka Novemba. Kabla ya hapo, fungua whois, soma tarehe ya kuisha, na mpigie fundi wako kwa heshima umwombe akuhamishie jina kwenye akaunti yako. Mlipe kwa kazi hiyo, ni kazi. Akikubali, mwachie aendelee kuitunza tovuti. Akianza kukupiga chenga, nunua jina lingine wiki hiyo hiyo, kabla hujachapisha katoni.